Kulipimia Tumbawe Jua Lake

Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani huuliza kwanza taa ipi ni bora. Fundi humjibu kwa swali: tumbawe lako liliishi pima ngapi chini ya maji? Hapo ndipo ufundi huu unapoanzia, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wake wote. Mtu anayening'iniza taa juu ya tangi la kioo sebuleni anachagua kina cha bahari. Wati, rangi, urefu wa waya wa kuning'inizia, hayo yote hufuata baada ya kina kujulikana.

Maji ya bahari huchuja nuru, na wekundu ndio hutangulia kupotea. Mpiga mbizi aliyejichana kidole mwambani akiwa mita 20 chini huiona damu yake kijani kilichokoza, kwa kuwa nuru ya kuionyesha nyekundu haikufika huko. Buluu ndiyo isafiriyo mbali. Matumbawe yamekulia katika nuru hiyo iliyochujwa, na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake umejiandaa kuipokea: klorofili yake hunyonya vizuri nuru iliyo karibu na nanomita 440, na rangi nyingine iitwayo peridini huongezea ile ya kati ya buluu na kijani. Kutokana na nuru hiyo mwani hutengeneza sukari, kisha humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya nguvu anazohitaji. Kwa aina nyingi sehemu hiyo hukadiriwa kufika asilimia 90. Taa ikikosewa, tumbawe hulala njaa ingawa tangi zima linameremeta.

Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwaeleza wasomaji wa jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist, jinsi alivyofuga viumbe wa mwambani kwa mawe hai, yaani mawe ya mwambani yaliyokaliwa na viumbe wadogo, pamoja na viputo vya hewa na jua la Indonesia. Yeye hakuwa na haja ya kuchagua taa. Haja hiyo iliwabana watu wa nchi za baridi, kama wafugaji wa Berlin, ambao mwezi Desemba mchana wao hautimizi hata muda wa saa nane. Hao ndio walioning'iniza taa kali za halidi za metali juu ya mawe hai, wakaweka na chombo cha kuondoa uchafu kwa povu. Nawaheshimu kwa dhati. Waliokosa jua ndio waliolazimika kulichunguza, wakajua kwamba lina ukali wake, rangi yake na saa zake, na kwamba kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupimwa peke yake.

Ukali ndio unaowapotosha wengi, kwa sababu wanaupima kwa macho. Jicho la binadamu hupokea sana kijani na manjano, lakini buluu huiona hafifu, hata inapokuwa imejaa nguvu. Ndiyo maana fundi huzamisha kipimo majini na kuhesabu fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde, kwa maikromoli. Jua la adhuhuri la tropiki hukaribia 2,000 juu ya maji. Matumbawe laini mengi hustawi kati ya 50 na 150. Acropora, yale yenye matawi yanayopenda sehemu ya juu ya mwamba, mara nyingi hupewa 250 hadi 400. Tofauti hiyo na jua halisi isimtie mtu hofu akaongeza taa. Usanisinuru una kikomo. Nuru ikizidi hapo huzalisha sumu za oksijeni ndani ya seli, na tumbawe lililoelemewa huutoa mwani wake likabaki jeupe.

Halidi humwaga nuru kutoka sehemu moja, ikachora mistari ya mwanga inayocheza mchangani kama ilivyo kwenye maji ya kina kifupi. Sijaona taa nyingine inayofanya hivyo kwa uzuri ule. Lakini joto lake ni kubwa na umeme inaula. Taa za mirija, zile nyembamba za T5, hazina mchezo huo, ila zinaeneza nuru sawasawa hadi ubavuni mwa tawi. Kisha zikaja LED. Zimewezekana kwa kuwa mwaka 1993, Shuji Nakamura alionyesha huko Japani LED ya buluu yenye mwanga mkali, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Kwa LED mfugaji anaipunguza na kuiongeza kila rangi kwa kidole. Kasoro yake ni kivuli: taa moja ndogo katikati ya tangi huacha upande wa chini wa Acropora ukidhoofika. Kwa hiyo napenda taa kadhaa zilizosambazwa, au LED ikisaidiwa na mirija miwili.

Kuna mtindo wa kuwasha buluu tupu kutwa nzima. Protini za matumbawe hunyonya buluu na kuirudisha ikiwa kijani, chungwa au nyekundu, na dukani kila kipande huwaka kama kito. Uzuri huo ni wa kweli, na jioni nami huutazama kwa furaha. Ila mchana ningependa nyeupe iwepo ya kutosha ili rangi ya ngozi ya tumbawe ionekane, kwa sababu ngozi ndiyo inayotoa habari. Likigeuka kahawia, huenda nuru imepungua na mwani umezidisha rangi yake ili kuidaka iliyopo. Likipauka mwili mzima, pengine imezidi. Taa mpya basi huanzishwa chini ya nguvu zake, ikapandishwa kidogo kidogo kwa majuma, na tumbawe likawekwa kwanza chini kabla ya kupandishwa jiweni.

Jambo moja huwachanganya wanaoanza. Acropora iliyoridhika na nuru yake hutoa ncha nyeupe kwenye matawi, na mwenye wasiwasi hukimbilia kupunguza taa. Weupe unaoanzia shinani au kutapakaa mwilini ni wa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Ule wa nchani, ilhali nyama ya chini ina rangi yake kamili, ni mfupa mpya unaojengwa kabla mwani haujaufikia, na taa iachwe hapo ilipo.