Barua Inayonukia Jiko Lake

Kwenye barua pepe yangu nina folda niliyoipa jina "Karai". Humo huyatupa majarida ya biashara za nyumbani ninayoyapokea: la muuza achari wa Tanga, la mtengeneza sabuni za mwani wa Unguja, la mfuga nyuki wa Tabora, la binti mmoja wa Nairobi anayeoka mikate usiku, mchana yuko ofisini. Sinunui kwa wote. Wengine nawasoma kwa utamu wa barua tu, kama mtu anavyosimama dukani akipapasa kitenge asichokusudia kukilipia. Na mpapasaji mzuri hukigeuza kitenge. Cha wax halisi rangi yake hupenya, nyuma na mbele ni mamoja. Cha kuigiza hupauka upande wa nyuma. Jarida nalo lina nyuma yake, na wengi wanaolitengeneza hawajui kama kuna mtu atakayeligeuza.

Barua pepe ya nini, wakati wateja wote wako WhatsApp? Swali la haki hilo. Lakini orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Stetasi inafutika baada ya saa 24. Barua pepe inakaa. Mteja aliyeko Muscat akiipokea Machi, Septemba anaandika neno "achari" kwenye kisanduku chake na inajitokeza pamoja na bei, namba ya kulipia na jina la anayesafirisha. Kwa hiyo barua ya kupita tu ipeleke WhatsApp. Inayostahili kutafutwa tena ndiyo jarida.

Naanzia nje kabisa, kabla sijafungua: jina la mtumaji na kichwa. Jina liwe la mtu au la biashara ninayoijua, si "info" wala "noreply". Hilo la pili lina maana ya "usinijibu", na mtu anayepika nyumbani kwake akinikataza kumjibu, mimi naona ni kama amefungua duka akaegemeza benchi mlangoni. Kichwa nacho, simu inakata baada ya herufi thelathini na kitu, kwa hiyo uzito uwe mwanzoni. "OFA!!! OFA!!! USIKOSE" ni kelele za mnadani, leo utageuka, kesho umezoea. Wengi wanausahau pia ule mstari wa rangi hafifu unaofuata kichwa kabla barua haijafunguliwa. Mimi nauita kionjo. Kwenye jarida la ovyo kionjo kinasema "Ukishindwa kuiona barua hii, bofya hapa". Hicho ni kijiko cha kuonjea kilichojaa maji.

Novemba iliyopita yule mama wa achari aliniletea barua yenye kichwa "Mvua imenikamata na embe juani". Kionjo chake: "Chupa 40 badala ya 90, nieleze nilivyozigawa." Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye foleni ya daladala.

Ndani alieleza hivi. Embe mbichi alizikata Jumatatu, akazitia chumvi na manjano, akazianika juu ya mikeka uani. Achari yake inataka siku mbili za jua kali, embe zinywee kabla hazijakutana na siki, haradali na pilipili. Siku ya pili mvua za vuli zikashuka mchana, na waliokuwa nyumbani ni bibi na mjukuu mdogo. Zilizolowa hakuzipika kwa sababu anajua zitaota ukungu ndani ya chupa. Amewapa majirani wapikie mchuzi wa samaki. Zilizobaki zimetoa chupa 40, waliolipa mapema wanapata kwanza, wengine wachague kurudishiwa pesa au kungoja embe za Desemba. Chini ya hapo ilikuwepo picha moja: mkeka umekunjwa nusu, vipande vya manjano vimetapakaa, na mguu wa mtoto unakimbia kutoka kwenye fremu. Bei, namba ya kulipia, siku ambayo basi la mizigo linaondoka. Basi.

Hakuna neno "ubora" popote katika barua ile, wala "tunajivunia". Ubora umo katika zile embe alizokataa kuzipika. Ndipo nilipopata kipimo changu kikubwa: nafunika jina la biashara kwa kidole gumba, nasoma aya ya kwanza, najiuliza imetoka jiko la nani. Ikiwa ingeweza kutoka jiko lolote, imefeli. "Ndugu mteja wetu wa thamani, tunapenda kukujulisha kuwa bidhaa zetu mpya sasa zinapatikana" imeweza kuuza achari, mapazia, bima na viwanja. Siku hizi nyingi za namna hiyo zinaandikwa na akili mnemba, nami sina ugomvi na chombo. Lakini barua hizo hazina hali ya hewa. Hainyeshi humo, umeme haukatiki, hakuna mtoto anayekanyaga mkeka.

Sasa tugeuze kitenge.

Kosa linaloongoza huku kwetu ni bango. Mtu anakaa usiku kucha akitengeneza picha moja ndefu, maua pembeni, bei ndani ya nyota, namba ya simu chini, kisha anaituma hiyo peke yake kama ndiyo barua. Kwenye simu yake inapendeza. Mteja ambaye programu yake inazuia picha mpaka aziruhusu, au bando lake limebaki la kubembeleza, anaona kisanduku cheupe. Hawezi kunakili namba ya kulipia. Akilitafuta neno "achari" baadaye hapati kitu, maana humo hakuna neno, kuna rangi tu. Jaribu mwenyewe: zima picha kwenye mipangilio ya barua pepe yako, halafu fungua jarida lako. Kilichobaki ndicho ulichoandika.

Kuna na uzito. Gmail huikata barua inayozidi kilobaiti 102, na hapo hazihesabiwi picha, ni maandishi na misimbo yake. Mkia wote unafichwa nyuma ya kiungo ambacho wachache hukibofya, na mkiani ndipo zilipo anwani yako na njia ya kujiondoa. Maneno ya kawaida hayafiki huko kwa urahisi. Kinachonenepesha ni kunakili kutoka kwenye Word na kubandika, misimbo isiyoonekana ikaja imening'inia kama chawa.

Nyuma zaidi kuna vyeti vitatu, SPF, DKIM na DMARC. Cha kwanza kinataja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, cha pili ni muhuri unaothibitisha kwamba barua haikuchezewa njiani, cha tatu kinamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa majaribio hayo. Februari 2024 Google na Yahoo waliwakazia watumaji. Anayetuma barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima awe na vyote vitatu na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Mdogo naye anatakiwa awe na SPF au DKIM angalau, na wanaomlalamikia kuwa ni taka wasifike 3 kati ya kila 1,000. Ndiyo maana kikoa chako mwenyewe, hata kile cha .co.tz, kina faida kuliko kutumia anwani ya bure kupitia huduma ya kutuma majarida: barua inayojitambulisha kwa anwani ya gmail.com huku imetoka kwenye seva za kampuni nyingine inafanana mno na ya tapeli. Ukitaka kuvikagua vyeti vya mtu, ifungue barua kwenye Gmail ya kompyuta, bonyeza vitone vitatu pembeni, chagua kuona barua halisi. Utaona neno PASS mbele ya kila kimoja, au hutaliona.

Orodha ya wapokeaji ndiyo inayonipa hasira. Muuza mapazia mmoja aliwahi kutuandikia watu mia na kitu kwa mkupuo, anwani zote akazipanga kwenye sehemu inayoonekana na kila mtu. Nilimwona bosi wangu wa zamani humo, na jirani, na daktari wa meno. Mmoja akajibu "nitoeni", jibu likatufikia wote, na wengine thelathini wakajibu vilevile. Ugonjwa huu ni mkongwe. Mei 1978 Gary Thuerk, muuzaji wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwaandikia watumiaji wa Arpanet wapatao 400 tangazo lililokuja kuhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Anwani zilijaa mpaka zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Leo haya si aibu tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Anwani ya mtu ni mali yake. Kuipata kwenye risiti ya mwaka juzi si ruhusa, na kununua orodha ni kununua wageni wasiokualika. Jarida zuri linaniambia mkiani nilijiandikishaje, kwa maneno kama "ulitupa anwani hii kwenye meza yetu ya Sabasaba", na kiungo cha kujiondoa kinaonekana bila miwani. Nimejiondoa kwenye majarida mazuri. Nikarudi pia, kwa sababu mlango haukunibana vidole.

Takwimu za walioifungua barua siziamini sana. Zilitegemea kijipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inapofunguliwa, lakini tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha hizo yenyewe hata kama mtu hajaigusa barua. Mama wa achari ana watu 212 kwenye orodha, na anachohesabu ni majibu. Barua ya mvua ilimletea 31, tisa kati yake ni ya kumpa pole tu bila kuagiza chochote.

Ratiba yake ni moja kwa mwezi, Alhamisi ya kwanza, isipokuwa Ramadhani anapotuma mbili. Anayetuma kila siku anadhani mimi sina kazi, na anayekaa miezi minane kisha akaibuka na ofa tano hanikumbuki mpaka akose kodi. Hata msimu ukiisha yeye bado anaandika. Machi alituma mistari mitatu: embe zimekwisha, anaosha chupa, anayetaka ya ndimu aseme.

Nilimjibu kuuliza kama imebaki hata moja ya embe. Jibu lilikuja saa nne za usiku. Ipo, aliandika, lakini ni ya mzee wake, na ameshaitia kijiko.