Mchoraji Aliyetoka Chuoni

Wako wazazi wasemao kuwa mwana akishika brashi amekwisha potea. Na wamtazame Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Babake alikuwa mwalimu wa chuo, na humo chuoni ndimo alimoanza khati.

Alisomea uchoraji London, akarejea 1957, akatundika picha zake Khartoum. Watu walikuja siku ya kwanza, kisha wasirudi. Hakuwaita wajinga. Alizunguka nchini kutazama watu hupamba nini majumbani, akaanza kutia maandishi ya Kiarabu pembeni mwa picha; watu wakasimama kutazama. Baadaye akazipasua herufi zenyewe, zikatoka nyuso na wanyama. Hapo nasita: aya ya Qur'ani haipasuliwi kwa ajili ya sura yoyote. Ama herufi tupu, kwa mstari mweusi uliotulia namna ile, ni kazi ya mkono uliofunzwa.

Mwaka 1975 alifungwa Khartoum miezi sita bila mashitaka. Alichora kwa siri juu ya vijikaratasi, akavifukia mchangani. Picha yake kubwa ya 1984 na 1985, ya vipande tisa, yaonyesha alichokipata mle: kipande huungwa na kipande, weusi juu ya weupe.