Yule Haigizi, Ndivyo Alivyo

Mtaje King Majuto popote, iwe kijiweni Tandale, saluni Mwananyamala au Mbagala Rangi Tatu watu wakigombania gari, utapewa sifa moja kabla hujamaliza kulitamka jina: "Yule mzee haigizi bwana, ndivyo alivyo." Inasemwa kwa mapenzi kabisa, na anayeisema mara nyingi anacheka tayari. Nimeisikia tangu niko shule na bado naisikia leo, miaka kadhaa baada ya mwenyewe kuzikwa.

Nataka kuipinga sifa hiyo. Ni tamu, lakini ndiyo inayotuzuia kumsoma vizuri mmoja wa wasanii wakubwa wa Kiswahili cha kusemwa. Tena ina madhara ya mfukoni. Kitu ambacho mtu anafanya kwa kuwa "ndivyo alivyo" hakionekani kuwa kazi, na kisichokuwa kazi ni rahisi kukilipa kwa ahsante na nauli.

Tuanze na mtu mwenyewe. Jina lake ni Amri Athuman, mzaliwa wa Tanga, mwaka 1948. Alianza kuigiza mwaka 1958, bado mtoto. Alifariki usiku wa tarehe 8 Agosti 2018, Muhimbili, akazikwa kwao Tanga. Piga hesabu: miaka 60 ya kuchekesha watu. Wengi wetu tulimkuta kwenye kipande cha mwisho tu cha safari hiyo, enzi za kanda na CD. Tulimkuta keshaiva, tukadhani alizaliwa hivyo.

Kizazi chake kilisomea jukwaani. Kabla video haijashika, burudani ya jioni hapa Dar ilikuwa onyesho refu la kikundi: ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo, na katikati yake vichekesho. Vikundi kama Muungano Cultural Troupe na DDC Kibisa vilijulikana kwa mtindo huo. Kichekesho kwa kawaida hakikuwa na maandishi. Waigizaji walikubaliana kisa, nani mume, nani mgoni, nani mjumbe wa nyumba kumi, wakapanda jukwaani na maneno yakazaliwa hapo hapo, mbele ya watu wenye chupa mezani na midomo isiyonyamaza. Utani ukibuma unaambiwa papo kwa papo. Mtu aliyedumu miaka na miaka katika hali hiyo hawezi kuwa anaishi tu alivyo. Amechujwa.

Halafu ikaja Bongo Movie. Wasomaji wa rika langu mnakumbuka mambo yalivyokuwa: filamu inapigwa kwa wiki moja au mbili kwenye nyumba ya mtu Sinza au Kinondoni, inapelekwa kwa msambazaji Kariakoo, kisha inarudi mtaani kama CD na inaishia kwenye kibanda umiza cha Tandika, watu wamebanana kwenye mabenchi. Skripti, kama ilikuwepo, mara nyingi ilikuwa orodha ya matukio. Mwongozaji anasema: wewe ni baba mwenye nyumba, huyu hajalipa kodi miezi mitatu, haya twende. Kamera inawashwa. Maneno unatafuta mwenyewe.

Kwa waigizaji wengi vijana hapo ndipo msiba ulipoanza. Unakumbuka zile sinema ambazo wapenzi wawili wamekaa kwenye sofa, wanaulizana "Kwa hiyo unataka kuniambia nini?" mara nne, huku kinanda kinalia nyuma? Pale watu walikuwa wanatafuta sentensi. Kwa Majuto kutafuta sentensi mbele ya watu ndiyo ilikuwa fani aliyokulia.

Hapo ndipo sisi wapenzi wa fasihi tunapaswa kukaa sawa. Kama mwongozaji hakuandika maneno, na mwandishi ameacha mistari miwili tu ya maelekezo, nani ametunga tunachokisikia? Ni huyo mzee. Tukimwita mchekeshaji peke yake tunamwondolea nusu ya kazi. Alikuwa mtunzi ambaye mswada wake ulikuwa mdomoni.

Na utunzi wake una kanuni. Ya kwanza ni kusikiliza. Mtazame wakati mwenzake anaongea: macho yametoka, mdomo uko wazi nusu, shingo imesogea mbele. Halafu hakimbilii jibu. Analidaka neno la mwisho la mwenzake, analirudisha kama swali, na kwenye kulirudisha ndipo tusi linapoingia. Nitoe mfano wangu mwenyewe, si wa filamu fulani: kijana akimwambia "Baba, nimekuja kwa heri," yeye hataki kwanza kujua kijana amekuja na nini. Anataka kujua habari za hiyo heri. "Heri? Heri ipi wewe, inayokuja saa ya kula?" Huo ni ujuzi wa mtu anayejua kwamba ugomvi wa uswahilini hauanzi na hoja, unaanza na neno lililoshikwa mkia.

Ya pili ni kuchezea heshima. Soma majina tu ya filamu alizocheza: Mume Bwege, Gundu, Mshamba, Ndoa ya Utata, Nimekuchoka. Mhusika ni yule yule kwa sura nyingi, mtu mzima anayetakiwa kuwa na kauli ambaye kauli imemponyoka. Katika jamii yetu mzee anapewa shikamoo kabla hajafungua mdomo. Majuto alijua kwamba kichekesho kikubwa zaidi kimejificha hapo, kwa mzee anayeidai shikamoo yake kutoka kwa mtu anayemdai yeye hela. Kadiri anavyopoteza, ndivyo anavyozidi kujikweza. Lakini hasira yake hakuifanyia utani. Alikasirika kweli ndani ya tukio, bila kuikonyeza kamera. Wachekeshaji wengi waliomfuata wanacheka utani wao wenyewe kabla sisi hatujacheka. Yeye alituachia kazi hiyo.

Kisha kuna ulimi. Kiswahili chake ni cha Tanga, kina kasi, kinavuta mwisho wa sentensi, na hakijawahi kuomba radhi kwa hilo. Katika sinema za kipindi kile ambapo tajiri wa Mbezi alilazimika kuchomekea Kiingereza ndiyo aonekane tajiri, sauti hiyo ilibaki pale pale ilipozaliwa na ikaeleweka Mwanza, Mbeya na ng'ambo ya mipaka.

Sasa, sitaki kumpaka mafuta. Si kila alichofanya ni dhahabu. Kuna filamu ambazo sura yake imewekwa kwenye kava ili CD iuzike, ukiifungua hakuna hadithi. Kuna utani mwingi unaosimama juu ya mwili wa mwanamke au lafudhi ya mtu wa bara, na jina kama Inye Plus linakuambia mapema biashara imelenga wapi. Mara nyingi yeye alikuwa bora kuliko filamu aliyomo, na mhakiki anayempenda lazima aliseme hilo. Ila tujiulize pia kwa nini. Msanii anayelipwa mara moja tu kwa kila kazi, bila mrabaha, hana sababu ya kuchagua. Akikataa filamu mbovu, amekataa mlo. Soko la namna hiyo linamlazimisha mtunzi kutawanya kipaji chake kwenye kazi nyingi ndogo, halafu tunamlaumu kwamba anajirudia.

Hapa nasafiri kidogo, kwa sababu sifa ya "ndivyo alivyo" haikubuniwa Dar. Kulikuwa na Mwingereza anaitwa William Henry Pratt, aliyezaliwa London mwaka 1887. Alihamia Canada mwaka 1909, akazunguka na vikundi vidogo vya maigizo, kisha akafika Hollywood akawa mtu wa nafasi za pembeni: leo jambazi, kesho mlinzi. Kati ya filamu na filamu alifanya kazi za sulubu, ikiwemo kuendesha lori. Sisi tunamjua kwa jina la kazi, Boris Karloff. Mwaka 1931, akikaribia umri wa miaka 44, alipewa lile zimwi la Frankenstein. Filamu inapoanza majina ya waigizaji yanaorodheshwa, na mbele ya zimwi pamewekwa alama ya kuuliza. Ilikuwa mbinu ya kuuza tiketi, najua. Lakini iangalie tena alama hiyo. Inasema kwamba hapa hakuna mwigizaji, kuna zimwi tu. Ndivyo lilivyo.

Jambo linalonivutia kwa Karloff ni alichofanya baadaye. Mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Screen Actors Guild, chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani. Watu wa nafasi za pembeni walikuwa na kila sababu ya kukitaka chama. Nyota anaweza kukaa mezani na studio peke yake, lakini mlinzi wa getini akilalamika analetwa mlinzi mwingine. Mgomo wa chama hicho wa mwaka 1960 ndio uliowapatia waigizaji malipo filamu zao mpya zinapoonyeshwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni. Kwa maneno mengine, walilazimisha ikubalike kwamba sura iliyo kwenye filamu ni kazi ya mtu, na kazi hiyo inaendelea kila filamu inapooneshwa.

Rudi Tanzania, mwaka 2018. Majuto anaumwa, amepelekwa India kutibiwa, amerudi. Katikati ya maradhi hayo ndipo nchi ikaanza kuongea kwa sauti kuhusu mikataba yake, hasa ya matangazo ya biashara. Dk. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa waziri mwenye dhamana ya sanaa, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ya Majuto ikiwemo. Hatua nzuri, lakini ona ilivyochelewa. Mtu ana miaka karibu 70, yuko kitandani, ndiyo tunakumbuka kusoma karatasi alizotia sahihi.

Na si kwamba sheria haikuwepo. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Hilo neno la pili, hakishiriki, ndilo linalomhusu mtu kama Majuto: haki ya yule anayeifanyia kazi sauti na mwili wake, hata kama hadithi imeandikwa na mwingine. Sheria imekubali kwamba mwigizaji anafanya kitu chenye thamani. Sisi mtaani, na sisi wahakiki tukiwemo, bado tunasema haigizi. Mfanyabiashara anayekuja na mkataba wa ukurasa mmoja anatusikia. Kwa nini alipe zaidi kwa kitu ambacho mashabiki wenyewe wanasema mzee anafanya bila jasho?

Tatizo si la Majuto peke yake. Said Ngamba, Mzee Small wetu, aliondoka mwaka 2014, na kwake pia tunachobaki nacho ni "alikuwa anachekesha sana." Uliza alikuwa anachekesha vipi, alijenga vipi tukio, alijifunza kwa nani, utaona watu wanakutazama. Waandishi wetu wa riwaya angalau wamefanyiwa tasnifu. Wazee hawa, ambao maneno yao yanajulikana na watu wengi zaidi ya wasomaji wa riwaya yoyote, wamefanyiwa rambirambi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunayo leo kwa sababu kuna watu waliokaa chini, miongo baada ya kifo chake, wakayakusanya kutoka vinywani mwa waliokuwa wanayakumbuka. Kwa Majuto kazi ni rahisi mno. Sauti imerekodiwa, filamu zake nyingi ziko YouTube, bando ndiyo gharama. Anayehitajika ni mtu mwenye daftari na subira ya kusimamisha video kila baada ya sentensi, aandike nani kasema nini, neno gani limedakwa, kimya kimedumu kiasi gani.

Mimi naanza na Mume Bwege. Kazi itakuwa ya miezi, maana mzee anaongea haraka na kuna maneno ya Tanga ambayo itabidi niwaulize wenyewe. Msomaji aliyekulia Donge, Ngamiani au Chumbageni na yuko tayari kunisaidia, anitafute.