Juzuu la Mwisho na Dunia Baada ya Maangamizi: Ulinganishi wa Mzingile ya Euphrase Kezilahabi na Nausicaä ya Miyazaki Hayao

Juzuu la mwisho la kazi ndefu ya kibunilizi hubeba mzigo ambao majuzuu yaliyotangulia hayakuubeba: hulazimika kutimiza ahadi zilizotolewa mwanzoni au kukiri kuwa hazitimiziki. Uhakiki huu unachunguza jinsi mzigo huo unavyobebwa katika Mzingile (1991), riwaya ya Euphrase Kezilahabi inayoendeleza Nagona (1990), kwa kuilinganisha na juzuu la saba la Nausicaä, manga ya kisayansi ya Miyazaki Hayao iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Animage kuanzia 1982 hadi 1994. Haidaiwi hapa kwamba mtunzi mmoja aliathiriwa na mwenzake. Kinacholinganishwa ni swali moja: dunia ikishaangamia, nani ana haki ya kuianzisha upya?

Majuzuu ya awali ya Nausicaä yanampa msomaji tumaini kwamba msitu wenye sumu unaisafisha ardhi iliyochafuliwa na vita. Juzuu la saba linalipindua tumaini hilo. Katika Kaburi la Shuwa inabainika kuwa msitu wenyewe ulibuniwa na wanasayansi wa kale, na kwamba wanadamu waliopo, ambao miili yao ilibadilishwa ili ihimili sumu, hawataweza kuishi katika dunia iliyotakaswa. Nausicaä anaukataa mpango huo na kuliangamiza kaburi, pamoja na mayai ya wanadamu wapya waliohifadhiwa humo. Kisha anawaficha watu wake ukweli. Ushindi wake una gharama, na gharama hiyo ina mlipaji anayejulikana kwa jina.

Mzingile nayo inaupindua mwisho wa Nagona, ambao ulielekeza macho kwa mkombozi wa pili. Msimulizi anakwenda kumpa mzee taarifa ya kifo cha mwanawe. Mzee huyo, anayeweza kusomwa kama taswira ya Muumba, haleti wokovu unaotarajiwa. Baadaye dunia imeteketea, na uhai unaanza tena kwa masalia wachache. Kama ilivyo kwa Miyazaki, wokovu uliopangwa kutoka juu unakataliwa. Hata jina la riwaya, lenye maana ya njia zinazozungukana na kumpoteza mpitaji, linaashiria kwamba mwisho si mlango wa kutokea.

Tofauti kubwa iko katika uwajibikaji. Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliianza safari yake ya riwaya kwa Rosa Mistika (1971), ambamo kijiji kinatajwa na makosa yana wenyewe: msomaji anajua Zakaria amemtendea nini binti yake. Katika Mzingile majina ya mahali yamefutika. Ufutaji huo unaipa riwaya upana wa kivisasili, na watetezi wake wana haki kusema kuwa maangamizi ya ulimwengu mzima hayawezi kufungiwa katika kisiwa kimoja. Hata hivyo, pale ambapo hakuna mahali, hakuna pia wa kuulizwa. Dunia inateketea kana kwamba imepatwa na tufani.

Kwa msomaji wa mwambao wa Ziwa Viktoria, jambo hili si la nadharia tupu. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kuongeza mavuno. Katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka, na baadaye viwanda vya minofu vikashamiri Mwanza. Uharibifu huo ulikuwa na walioupanga bila kuujua, walionufaika nao na waliopoteza kitoweo. Msomaji wa namna hiyo huuliza kwanza nani aliamua, ndipo aulize nini kitaota upya.

Kwa hiyo, Mzingile inafaulu kama hitimisho la kifalsafa, kwa kuwa inamnyima msomaji faraja ya mkombozi. Inapungukiwa kama hitimisho la kimaadili, kwa kuwa upya wake unapatikana bila mtu yeyote kuwajibika kwa yaliyoteketea. Upungufu huo hauonekani riwaya inaposomwa pekee au kwa kufuata wanafalsafa wa Ulaya tu. Unaonekana inaposomwa pamoja na riwaya ya kwanza ya mtunzi huyohuyo, kutoka Namagondo.