Tupa miwani? Kumsoma Bates kutoka Dodoma

Kama uko kwenye group lolote la familia la WhatsApp, umeshaikuta. Video ya dakika tatu, muziki wa taratibu, mtu anasugua viganja mpaka vipate joto, kisha anajifunika navyo macho. Fanya hivi asubuhi na jioni, eti baada ya miezi miwili utaitupa miwani. Inatibu macho ya kuona mbali, inatibu macho ya uzee, inatibu mpaka jicho vivu la mtoto. Mwisho: "sambaza kwa uwapendao".

Wanaoisambaza wengi hawajui kwamba wanasambaza kitabu. Zoezi lile la viganja lina mwenyewe: William Horatio Bates, daktari wa macho wa New York, ambaye mwaka 1920 alichapisha kitabu kinachojulikana zaidi kwa jina la Perfect Sight Without Glasses. Kimezeeka kiasi kwamba unaweza kukipakua bure. Basi badala ya kubishana na video, tukisome chenyewe.

Tumpe kwanza haki yake. Bates hakuwa tapeli wa stendi. Alisomea udaktari, na aliona jambo ambalo wenzake walilipita haraka: uwezo wa mtu kuona si kitu kimoja kisichobadilika. Mpime mwanafunzi aliyekesha akijiandaa na UE, kisha mpime tena akiwa amelala vizuri, unaweza kupata majibu mawili. Alichukia pia tabia ya kumpa mtu miwani upesi upesi ili aondoke. Hapo niko naye.

Shida inaanza kwenye injini ya hoja yake. Bates anasema lenzi iliyo ndani ya jicho haihusiki kabisa na kubadilisha mtazamo kutoka mbali kuja karibu. Kazi hiyo, kwa maelezo yake, inafanywa na misuli ya nje, ile inayozungusha jicho, kwa kulibana na kubadilisha umbo lake. Kwa hiyo kila tatizo la kuona ni mkazo wa misuli, na kila mkazo unatibiwa kwa kulegeza. Chanzo kimoja, dawa moja, magonjwa yote. Ukisikia mtu anakuuzia hesabu ya namna hiyo, shika mfuko wako.

Jambo lenyewe lilikuwa limeshapimwa miaka 119 kabla yake. Mwaka 1801 Mwingereza Thomas Young alijifanyia majaribio ya kutisha kidogo: alilibana jicho lake mwenyewe ili lisiweze kurefuka, na katika jaribio jingine akalizamisha kwenye maji ili kufuta nguvu ya kioo cha mbele cha jicho. Bado aliweza kubadilisha mtazamo. Kilichobaki kufanya kazi hiyo ni lenzi.

Lakini huna haja ya kwenda London ya 1801. Tafuta bibi au babu aliyetolewa mtoto wa jicho pale Mvumi au hospitali ya mkoa, akawekewa lenzi ya plastiki. Misuli yake ya nje haijaguswa, yote ipo. Anamwona mbuzi aliye mbali kilimani, lakini mpe sindano atunge uzi: hawezi mpaka apate miwani ya kusomea. Kama Bates angekuwa sahihi, bibi huyu angetunga uzi bila shida. Jaribio hili linafanyika mkoani kwetu kila wiki, na kila wiki linampinga.

Sasa twende kwenye macho ya kuona mbali. Jina lenyewe linapotosha, maana ukimwambia mtu "unaona mbali" anadhani umemsifia hekima. Kinachotokea ni kwamba jicho ni fupi. La mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma, na likipungua milimita moja tu, linahitaji lenzi ya karibu plasi tatu kufidia. Kijana anafidia mwenyewe kwa kuikaza lenzi yake ya ndani, kutwa nzima, hata anapotazama mbali. Anaona. Hakuna anayemshuku. Ila kichwa kinauma, na kitabu anakikimbia baada ya kurasa mbili, kisha anaitwa mvivu wa kusoma.

Mtu huyu akivaa miwani, ule msuli wa ndani aliokuwa akiukaza miaka yote unalegea. Akiivua, kwa muda anaona ukungu kuliko zamani. Hapo ndipo unasikia "miwani imeniharibu macho, sasa naitegemea". Haijaharibu kitu. Urefu wa jicho ni ule ule. Kilichoondoka ni mkazo. Ni sawa na kumtua mama ndoo kichwani, halafu kulalamika kwamba shingo imezoea kupumzika.

"Lakini mtoto wa shangazi alipona kwa mazoezi!" Inawezekana namba yake ilishuka kweli. Watoto wengi huzaliwa na kiasi cha kuona mbali, kama plasi mbili hivi, na jicho likirefuka namba inashuka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inaisha mapema, ndani ya miaka miwili ya kwanza, lakini kwa wengine inaendelea polepole wakiwa shuleni. Mtoto akifunikwa viganja miaka yote hiyo, sifa wanapata viganja. Kitabu cha Bates kimejaa hadithi za namna hii, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, na nimezisoma nyingi. Hakuna ukurasa unaoonyesha wangapi walipona na wangapi hawakupona, ukilinganisha na wenzao ambao hawakufanya lolote.

Upo pia ujanja ambao akili hujifanyia yenyewe. Ukikaa na ukungu muda mrefu, ubongo unajifunza kuusoma. Ukikunja macho unaona vizuri zaidi kwa sekunde chache. Ubao wa herufi ukiuona mara kumi, umeshaukariri. Mwandishi Aldous Huxley, aliyeugua macho akiwa kijana, aliamini njia ya Bates kiasi cha kuiandikia kitabu kizima mwaka 1942, The Art of Seeing. Miaka kumi baadaye Bennett Cerf alisimulia alivyomshuhudia Huxley akisoma hotuba kwenye karamu bila miwani, vizuri kabisa, mpaka alipokwama. Akaisogeza karatasi karibu zaidi na zaidi, mwishowe akatoa kioo cha kukuzia mfukoni. Hotuba alikuwa ameikariri. Simcheki Huxley, aliteseka na macho yake maisha yote. Hadithi hii inaonyesha tu kwa nini ushahidi wa "nilijisikia naona" hautoshi.

Na lipo la jua. Bates anasifu kulitazama jua moja kwa moja, eti linaimarisha macho. Kwetu Dodoma, ambako mawingu yanaonekana miezi michache tu kwa mwaka, huu ni ushauri wa kuunguza retina, na retina iliyoungua inaweza isirudi. Likija kwenye group, lifute.

Sasa neno ambalo mimi naona ndilo kosa kubwa la aina hii ya maandishi yakifika huku: utegemezi. Bates aliandika New York, mji wenye maduka ya miwani. Sisi tuna Kongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins wamefanya kazi huko na Watanzania tangu miaka ya 1980, hasa juu ya trakoma, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo ya kupima macho ya uzee kwa watu wa miaka 40 na zaidi. Karibu sita kati ya kila kumi walikuwa nayo. Hiki ni kitu tofauti na jicho fupi: lenzi imekakamaa kwa umri, na itakakamaa kwako pia. Walipowauliza watu wanashindwa nini, majibu hayakuwa magazeti. Yalikuwa kupepeta na kuchambua nafaka, kupalilia, kushona, kupika, kuwasha taa. Mama anayeshindwa kuona kijiwe kwenye ungo hana tatizo la kutegemea miwani. Hana miwani. Duniani kote Shirika la Afya lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 826 wasioona karibu kwa sababu hii hii, na tiba yao ni kitu ambacho machinga anakiuza mezani.

Tena tunajua kinachozuia. Utafiti uliofanywa kwenye sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 uliwagawa wanafunzi wenye macho mabovu: wengine walipewa miwani bure, wengine karatasi ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya waliopewa walikuwa wakiitumia au wanayo shuleni. Kwa wenye karatasi, 26. Hata ikiwa bure, nusu hawavai, na maneno ya "utaizoea, itakuharibu" yana mchango wake, kwa maoni yangu si mdogo.

Nimeliacha jicho vivu mwisho kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Jicho si vivu hata kidogo. Jicho moja likileta picha mbaya utotoni, labda kwa kuwa ni fupi kuliko mwenzake au limepinda, ubongo unaamua kulipuuza. David Hubel na Torsten Wiesel waliwafunga paka wachanga jicho moja. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo zilikuwa zimeacha kuliitikia. Kazi yao ilipata Nobel mwaka 1981. Mlango wa kurekebisha upo, ila unajifunga taratibu.

Na hapa Bates anageuzwa chini juu, kwa sababu tiba ya kwanza ni miwani yenyewe. Kwenye utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, watoto chini ya miaka saba ambao jicho moja lilizidi jingine namba walipewa miwani tu, na zaidi ya robo yao walipona kabisa bila kitu kingine. Waliobaki hufunikwa jicho zuri, na saa mbili kwa siku zilionekana kutosha sawa na saa sita kwa tatizo la wastani, au huwekewa matone ya atropini. Mtoto mwenye kengeza linaloletwa na kuona mbali, miwani inaweza kumnyoosha macho bila kisu; akikua, daktari hupunguza nguvu ya lenzi hatua kwa hatua, na wapo wanaoiacha kabisa. Kwa hiyo ukitaka mtoto asitegemee miwani ukubwani, njia inapita ndani ya miwani.

Umri ndio unauma. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kwa watoto wa miaka 7 hadi 12, asilimia 53 walipata nafuu kwa miwani pamoja na tiba ya ziada, dhidi ya 25 kwa miwani peke yake. Kwa wa miaka 13 hadi 17, ilikuwa 25 dhidi ya 23, karibu hakuna tofauti. Kila muhula mtoto anaosuguliwa viganja unakatwa kwenye miaka hiyo.

Usisubiri pia kipimo cha shuleni, kile cha ubao wa herufi ukutani. Mtoto wa kuona mbali anaukaza msuli wake na kukipita vizuri kabisa, na akiachwa afungue macho yote mawili, jicho zuri linamjibia jenzake. Nyumbani mfunike jicho moja moja kwa zamu akiwa anatazama katuni. Akitulia ukifunika la kulia, lakini akalia na kukusukuma mkono ukifunika la kushoto, mpeleke hospitali ya mkoa, Benjamin Mkapa au Mvumi wiki hiyo hiyo, na uombe apimwe kwa matone yanayolegeza lenzi. Ataona ukungu siku hiyo na atakasirika. Mnunulie ubuyu.