Kizingiti cha Nyumba ya Karen Blixen

Nyumba ya Karen Blixen, mbele ya vilima vya Ngong nje ya Nairobi, imetunzwa vyema, na anayeisifu hakosei. Ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi Åke Sjögren. Blixen na mumewe walihamia mwaka 1917, naye akaondoka mwaka 1931, shamba la kahawa lilipofilisika. Baadaye Serikali ya Denmark iliitoa tunu kwa Kenya huru, na mwaka 1986, filamu ya Out of Africa ikiwa ingali mpya, ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Filamu hiyo ingali imo ndani. Samani alizotumia mwenyewe zimekaa pamoja na vitu vilivyotoka kwa watengeneza filamu. Kwa mwanahistoria hilo si dogo, walakin kijikaratasi cha maelezo hulimaliza. Kubwa zaidi ni kwamba mgeni aghlabu huja kutafuta mapenzi ya Blixen na Denys Finch Hatton (yule aliyekuwa na nyumba Takaungu, mji wa Mazrui kabla haujawa pumziko la Mwingereza), na vyumba humpa alichokijia.

Mimi ningemsimamisha kwanza kizingitini. Katika kitabu chake cha mwaka 1937 Blixen anasimulia kuwa Kinanjui, mkuu wa Wakikuyu, alipokuwa mahututi alimwomba amchukue akafie nyumbani humo, asipelekwe hospitali ya misheni. Blixen akakataa, kwa kuchoka na kwa kuogopa lawama. Kinanjui akafia misheni. Mwanamke huyohuyo, shamba lilipouzwa, alihangaika maofisini mpaka Wakikuyu waliokaa humo, ambao walidaiwa siku 180 za kazi kila mwaka, wakapewa ardhi ya kuishi pamoja. Mambo yote mawili ni yake, na la kwanza hakulificha.

Nasema haya kwa sababu nasi tunatamani nyumba za wazee wetu Unguja, Pemba na Mombasa zikarabatiwe. Milango ya njumu tutaikumbuka, na masanduku, na picha za mababu. Aliyechuma karafuu je, na aliyelala uani? Blixen walau alimwandika Farah Aden, Msomali aliyeiendesha nyumba yake, kwa jina. Katika familia zetu wamebaki wazee wachache wanaoyakumbuka majina ya jikoni. Hao waulizwe kabla fundi hajaitwa.