Mahali na Majina katika Michezo ya Mfululizo: Serengeti Ikitazamwa Kutoka Maswa

Kila mchezo wa televisheni unaoonyeshwa sehemu baada ya sehemu humdai mtazamaji imani mbili. Ya kwanza ni kuwa viumbe anaowaona wana maisha yao. Ya pili ni kuwa mahali wanapoishi ndipo hapo palipotajwa. Imani ya kwanza imejadiliwa sana na wahakiki. Ama hii ya pili imeachiwa mafundi wa picha, kana kwamba mahali ni pazia tu la kutundikwa nyuma ya wachezaji. Makala haya yanakusudia kuishughulikia imani hiyo ya pili, na kuitazama kutoka Maswa, katika mkoa wa Simiyu, kwa kuwa Maswa ni jirani wa nchi iliyopigwa picha nyingi kupita kiasi, na yenyewe haimo katika picha hizo.

Yafaa kwanza kulieleza jina. Mkoa wa Simiyu ulitengwa na mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, nao una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Zamani wilaya ya Maswa ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, na mipaka yake ilifika kwenye mbuga za Serengeti. Baadaye ilikatwa ili kupata wilaya nyingine. Basi Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa kusini-magharibi, leo haliko ndani ya wilaya ya Maswa. Jina limebaki porini pamoja na wanyama, na wenye jina wamebaki huku Nyalikungu na Malampaka, wakilima pamba, mahindi na mtama, na kuchunga ng'ombe. Jambo hili ni la bahati tu katika historia ya utawala, lakini msomaji aliweke moyoni, maana mambo tutakayoyaona katika televisheni yanafanana nalo sana.

Mfano wa kale wa michezo ya namna hii ni ule uliopewa jina la Daktari, ulioonyeshwa Marekani tangu mwaka 1966 hadi 1969. Neno la Kiswahili liliwekwa juu ya mlango, lakini nyumba yenyewe ilikuwa California. Kisa kilisemwa kuwa ni cha Afrika ya Mashariki, katika kituo cha Wameru, ambako tabibu wa wanyama aliishi na binti yake, pamoja na simba makengeza aitwaye Clarence na sokwe aitwaye Judy. Watu wa Meru tunawajua, na mlima wao tunaujua. Ila kituo hicho hakikuwako. Na huyo sokwe, ambaye katika Tanzania makao yake ni misitu ya Gombe na Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, aliwekwa nyikani pamoja na simba bila ya mtu kuuliza alifikaje. Hata hivyo sioni haja ya kuulaumu sana mchezo huo. Ulikuwa ni uongo ulio wazi, na uongo ulio wazi haumdhuru mtu mzima. Unatufaa hapa kwa sababu ulikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kufundisha desturi ambayo imedumu hadi leo: kwamba Kiswahili ni rangi ya kupakwa juu ya mahali, wala si usemi wa watu wakaao mahali hapo.

Desturi hiyo imeendelezwa kwa ustadi mkubwa zaidi katika The Lion Guard, mchezo wa katuni wa Disney uliotangulizwa na sinema fupi mwaka 2015, kisha ukaendelea tangu 2016 hadi 2019. Mahali pake hapana jina katika ramani yo yote. Ni nchi ya simba tu. Lakini mwanafunzi wa lugha atapata humo mambo ya kumfurahisha. Fisi mwovu anaitwa Janja, na fisi mwema anaitwa Jasiri, na majina yote mawili yanaeleweka mara moja. Kiboko anaitwa Beshte, neno ambalo halikuzaliwa Lamu wala Unguja, bali katika mitaa ya Nairobi. Husikika humo pia wanyama wakisema "hevi kabisa" na "poa". Maana yake ni kwamba nchi hii isiyo na mahali ina mahali kwa siri: wanyama wake wamekulia mjini Nairobi. Wako watakaokasirika na kusema Kiswahili kimeharibiwa. Mimi nathubutu kusema kinyume chake. Usemi wa vijana wa mtaani una wenyewe, na mtoto wa Nairobi akiusikia hutambua kuwa amekumbukwa. Kosa la mchezo huu, kama lipo, ni kuwa hauthubutu kumwonyesha huyo mtoto.

Sasa tuufikie mchezo ulio kiini cha maneno yetu. Mwaka 2019 shirika la BBC lilionyesha mfululizo uitwao Serengeti, uliobuniwa na Simon Fuller pamoja na John Downer. Uingereza msimulizi wake alikuwa John Boyega. Marekani, ulipoonyeshwa na Discovery, alikuwa Lupita Nyong'o. Haukudai kuwa ni elimu tupu ya wanyama. Ni tamthilia iliyotungwa kwa picha za wanyama wa porini, picha zikipangwa zifuate kisa, na kila mnyama akipewa jina, tabia, huzuni na hamu yake. Picha zenyewe ni nzuri mno, na atakayezidharau atakuwa amejidhulumu. Asubuhi ya mbugani, vumbi la nyumbu, maji ya mto yanavyopanda ghafula: mambo hayo yameonwa na jicho lenye subira.

Lakini tuyatazame majina. Simba jike anaitwa Kali. Kila mwalimu wa sarufi anajua kuwa simba, kwa kuwa ana uhai, husemwa ni mkali. "Kali" pasipo kiambishi ni ya jua, dawa na pombe. Basi mama huyu wa porini anatembea na sifa ya kileo. Duma mwenye watoto anaitwa Kike, neno lisiloweza kusimama peke yake pasipo kitu cha kulitegemea: mtoto wa kike, mavazi ya kike, upande wa kike. Ni kama kumwita mtu "A Kiume" na kuikata sentensi. Fisi anaitwa Zalika, jina ambalo huenda ni Zuleikha lililochakaa safarini, na tembo anaitwa Nalla, jina linalonuka sinema ya simba ya mwaka 1994 kuliko linavyonuka kijiji cho chote cha Tanzania.

Jina zito kuliko yote ni la nyani. Huyo anaitwa Bakari. Watungaji hawakukusudia ubaya, nina hakika. Waliokota jina zuri katika orodha ya majina ya Kiafrika. Lakini Bakari ni jina ambalo Waislamu wa pwani na bara huwapa wana wao kwa heshima ya Abubakar, khalifa wa kwanza. Hadithi zetu zina wanyama wengi wasemao, wenye hila na wenye huruma, nao huitwa Sungura, Fisi na Kobe, na pengine huongezewa "Bwana" au "Mzee" ili msikilizaji acheke. Hawapewi jina la mtoto wa jirani. Mpaka huo haukuwekwa kwa kuwachukia wanyama. Wasukuma huwatofautisha ng'ombe wao mmoja mmoja kwa rangi na mabaka ya ngozi, na mchungaji humjua kila mmoja kama ajuavyo ndugu zake. Ni kwamba jina la mtu limebeba babu, dua na ukoo, na nyani hana pa kuvipeleka vitu hivyo.

Mtu ataniambia kuwa haya ni madogo ya wanalugha. Ningekubali, lau kama katika nchi hiyo ya mchezo wangekuwako watu. Hawako. Majina ya watu yamegawiwa wanyama kwa sababu watu wenyewe wameondolewa, na nafasi imebaki wazi.

Wasukuma wanayo hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu wote wa nchi pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, akazaa mtoto, Masala Kulangwa. Naye alipopata akili swali lake lilikuwa moja: watu wako wapi? Sijapata swali bora zaidi la kuuliza mbele ya mfululizo wa Serengeti. Mtazamaji wa London haulizi, kwani amezoea tangu zamani kuoneshwa nchi hiyo ikiwa tupu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipotengeneza sinema yao ya Serengeti, iliyotoka mwaka 1959 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, waliruka juu ya mbuga kwa ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa katika ndege hiyo Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na kazi yao iliwafaa wanyama kweli kweli. Lakini mwaka huo huo wa 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa Ngorongoro. Ukiwa angani, utupu ni uzuri. Utupu ule uonekanao katika picha ulitengenezwa kwa sheria kabla ya kupambwa kwa kamera.

Naye mtazamaji wa Simiyu akimwona tembo Nalla anaona nini? Anamwona mama mwenye busara aongozaye kundi lake, kama msimulizi asemavyo. Na ni kweli tembo jike mzee ndiye aongozaye. Lakini yeye anajua na jambo la pili ambalo mchezo haulijui. Katika vijiji vya Meatu, Itilima na Bariadi vinavyopakana na hifadhi, kundi hilo hilo huingia mashambani usiku mahindi yanapokomaa, na watu hukesha wakipiga madebe na kuwasha moto. Hapo pana tamthilia kamili: mama wawili, kila mmoja na watoto wake wenye njaa, shamba moja, usiku mmoja. Mtungaji wa tanzia asingeomba zaidi. Mfululizo uliotafuta kisa kwa misimu mitatu ulikuwa na kisa hicho mpakani, ukaipinda kamera isikione.

Linganisha na mchezo uliotoka mbali zaidi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha mfululizo wa Kichina uliotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake. Rais Xi Jinping aliutaja katika hotuba yake mjini Dar es Salaam Machi 2013, na wanasiasa wana sababu zao. Mimi naangalia jambo jingine. Beijing ni mji ambao wengi wa watazamaji wale hawataukanyaga kamwe: ghorofa, baridi, magari, vyakula vigeni. Hata hivyo mji huo ulikalika tangu siku ya kwanza, kwa sababu ulikuwa na mavyaa. Doudou ameolewa na mwana wa wazazi walioachana, kwa hiyo ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha, na kila akifungua mlango lazima achague la kumwita aliye mbele yake na namna ya kumsalimu. Kiswahili kilipoingia humo hakikuwa rangi. Kilifanya kazi yake ya kila siku, ya kuonyesha nani mkubwa, nani kaolewa wapi, nani kakasirika. (Nasikitika kidogo kwamba wafasiri waliliacha neno "mavyaa" lenyewe, lingewatosha kwa ufupi.) Mtu wa Malampaka hakuhitaji ramani ya China. Alijua mkwe hukaa wapi.

Ningekuwa mpendeleo kama ningekomea kwa wageni. Michezo yetu ya mfululizo, kama Huba na Jua Kali katika Maisha Magic Bongo, ina watu tele, lakini mahali pake ni Dar es Salaam na nyumba zake zenye mageti. Msukuma huja humo na katika vichekesho vyetu kama mtu wa kuchekwa: mlinzi au mtumishi wa shambani, mwenye lafudhi iliyotiwa chumvi. Wazungu walimwondoa mtu wa Simiyu katika picha. Sisi tumemrudisha kwa mlango wa uani. Sijui ni lipi lenye adabu zaidi.

Na si kwamba Maswa haina visa. Kuna msimu wa pamba na bei yake, ambayo hujenga ndoa na kuzivunja. Kuna minada ya ng'ombe. Kuna reli ya Mwanza ipitayo Malampaka, na baada ya mavuno kuna mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambamo manju wa kila upande hutafuta watazamaji kwa wimbo, kejeli na dawa, hata uwanja wa mwenzake ubaki mtupu. Mashindano hayo ni mfululizo tayari: huendelea siku baada ya siku, na watu hurudi kesho ili kujua nani amemshinda nani.

Tatizo la mtungaji wake litakuwa ni lugha. Watu wa mchezo huo waseme Kiswahili gani? Wakisema Kiswahili cha taarifa ya habari, hawatakuwa wa Maswa. Wakisema kile cha vichekesho, watachekwa kabla hawajafa wala kuoa. Mzee wa Nyalikungu humsema mkwewe kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, katika matamshi, katika salamu ndefu, na katika maneno kama "mkwilima" ambayo yamekwisha kuvuka na kutumiwa hata na wasio Wasukuma. Usemi huo bado haujaandikiwa mchezo wa televisheni ambamo msemaji wake ni mtu wa heshima. Utakapoandikwa, ningependa sehemu ya kwanza ianze usiku, shambani, debe likipigwa, na tembo asiwe na jina.